Valencia kwa miguu: sokoni asubuhi, wali saa nane, ukutani jioni

Wagosi na dada zangu, tuelewane kwanza. Valencia, mji wa Hispania, huendi na orodha ya vivutio ya kukata kimoja kimoja, utaumia. Ukienda na orodha utafika Mercado Central, soko lao kuu, saa kumi jioni ukute vibanda vimefungwa na sakafu inaoshwa, utaitafuta paella, ule wali wao wa kikaangoni, saa mbili usiku uletewe ya friji iliyopashwa moto, alafu michoro mizuri ya kwenye milango ya maduka utaipita mchana kutwa bila kuiona, maana mlango wenyewe umeviringishwa juu na duka liko wazi. Mji ule una saa zake na ukizifuata unakupa kila kitu kwa bei rahisi. Kwahiyo nimepanga kwa saa, na saa ni zetu za Kiswahili, saa mbili asubuhi ni ile watu washakunywa chai, asije mtu kunilaumu eti katoka hotelini saa mbili ya kwenye simu.

Ila kabla hujapanda ndege fanya mazoezi hapahapa Tanga, sitanii. Tumezoea bajaji hata toka soko la Mgandini kwenda barabara ya nane, au baiskeli, na baiskeli ni kitu kizuri lakini haikufundishi kuangalia juu. Kule utatembea kilomita kumi kwa siku na hutojijua, mitaa ya mawe, na viatu vipya vitakutoa malengelenge siku ya kwanza tu. Chukua Jumamosi moja, anza Deep Sea alfajiri samaki wanaposhushwa na mnada unapigwa, panda taratibu mpaka Mgandini, zunguka mle ndani bila kununua kitu cha kwanza unachokiona, toka uingie Ngamiani kwenye zile barabara za namba, kula mihogo au supu ya pweza pale harufu itakapokukamata, na huku unatembea angalia kuta. Mabango ya saluni yaliyochorwa kwa mkono, maneno nyuma ya bajaji, rangi za vibanda. Hiyo ndo kazi yote utakayoenda kuifanya Valencia. Kama Ngamiani inakuchosha basi hata El Carmen, mtaa wao wa michoro, itakuchosha, bora ukapumzike zako Raskazone.

Kufika

Visa ni ya Schengen, ubalozi wa Hispania upo Dar, anza mapema, na hapo naishia maana kila mtu na kesi yake. Wengi mtashukia Madrid. Pale kuna treni ya mwendokasi, takriban masaa mawili tu uko Valencia, na kampuni zinazoendesha ni zaidi ya moja, kwahiyo ukikata tiketi wiki kadhaa kabla unapata nafuu kubwa kuliko ukikata siku ileile. Inakushusha stesheni ya Joaquín Sorolla, tembea kidogo utafika stesheni kuukuu, Estació del Nord, iliyofunguliwa mwaka 1917. Ingia hata kama husafiri tena, angalia vigae na machungwa waliyopamba ukutani. Machungwa utayaona kila mahali, na mtu wa Tanga hapo asishangae, si wakulima wa Muheza wanalima chungwa wanaliita valencia? Basi ndo huko. Lakini ile miti ya machungwa iliyopandwa kando ya barabara usichume, ni machungwa makali ya pambo.

Tafuta chumba Ciutat Vella, yaani mji mkongwe, au Russafa. Ukilala mbali ili uokoe euro kumi utazilipa kwenye metro na miguuni.

Kitu kimoja kitawachanganya: kule kuna lugha mbili, Kihispania na Kivalencia, na zote zimeandikwa barabarani. Simu inasema calle, kibao ukutani kinasema carrer, ni mtaa uleule. Mercado na mercat, soko lilelile. Usirudi nyuma.

Saa mbili asubuhi, soko

Mercado Central linafunguliwa mapema, kama saa moja na nusu, na linafungwa saa tisa alasiri, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna. Jumatatu lipo ila meza za samaki zinakuwa chache maana wavuvi wengi Jumapili hawaendi baharini, kwahiyo siku nzuri ni Jumanne mpaka Jumamosi, na Jumamosi kuna msongamano. Jengo lenyewe walianza kulijenga 1914 wakamaliza 1928, chuma, vioo vya rangi na vigae, zaidi ya mita za mraba 8,000, na juu ya kuba kuna kasuku wa chuma anayegeuka na upepo. Simama chini ya kuba uangalie juu kwanza, alafu pisha njia, kuna akina mama wana vikapu vya magurudumu na hawana subira na mtalii.

Mzunguko wa kwanza tembea mikono nyuma. Usinunue. Angalia wenyeji wanasimama wapi wengi, hapo ndo utarudi. Sasa usipojua hili utakaa nusu saa unapitwa: kule sokoni foleni haionekani kwa macho. Watu wamejisimamia ovyo, huyu anaongea na simu, yule anaangalia nyanya, kumbe kila mmoja anajua yuko nyuma ya nani. Ukifika unauliza kwa sauti, "¿quién es el último?", tamka kien es el ultimo, yaani nani wa mwisho, mtu atanyoosha mkono, basi wewe uko nyuma yake na anayekuja atakuuliza wewe. Ukishauliza hivyo hata muuzaji anakubadilikia uso.

Matunda usishike. Kwetu unabonyeza embe, unanusa, unalirudisha, unashika la pili, kule ni ugomvi. Sema unataka kula leo au kesho, atakuchagulia. Na bei haipigwi chini, imeandikwa kwenye kibao, mtu wa Mgandini hapo ndo atapata shida kweli, lakini kuomba kuonja inaruhusiwa kwenye jibini, zeituni na vitu vya chumvi. Agiza kidogo kidogo, "cien gramos", gramu mia, ukinunua nusu kilo ya kila kitu utakuwa umebeba mzigo wa kitchen party.

Meza nisizozichoka ni za samaki wa chumvi. Kuna mojama, hiyo ni nyama ya jodari iliyotiwa chumvi ikakaushwa, ni ng'onda yao kabisa ila inakatwa nyembamba mpaka mwanga unapita, inamwagiwa mafuta ya zeituni na kuliwa na lozi. Kuna mayai ya samaki yaliyokaushwa. Kuna bacalao, samaki wa chumvi wa bahari ya baridi, mweupe, anayelowekwa kwanza. Mtu aliyekulia kwenye harufu ya papa mkavu hapo atajisikia nyumbani, wageni wengine wanaziba pua. Pembeni utaona mikunga wako hai kwenye maji, konokono kwenye nyavu, maharage makubwa meupe ya garrofó ya kutia kwenye paella, na zafarani kwenye vikopo vidogo. Zafarani nunua humuhumu sokoni kwa muuzaji wa viungo, sio duka la zawadi.

Sasa suala la nguruwe. Mjomba wangu wa Chumbageni, nilipomwambia habari za huko, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, si unashinda njaa? Huko chakula chote si nguruwe?" Nikamwambia, "La mjomba, samaki mpaka uchoke, ila lazima uulize." Ile miguu inayoning'inia sokoni, jamón, ni nguruwe. Soseji zao, chorizo nguruwe, longaniza nguruwe, morcilla ni damu yake kabisa. Na manteca, mafuta yake, yanaingia kwenye baadhi ya biskuti na keki, hapo ndo wengi hawajui. Jifunze "¿lleva cerdo?", yeva therdo, kuna nguruwe humu? Bucha za halali zipo, hasa maeneo ya Russafa na kuzunguka stesheni, na hiyo Russafa yenyewe ilianza kama bustani ya mwana wa Abd al-Rahman wa Kwanza wa Cordoba, enzi Waarabu wanatawala huko. Mji haukuchukuliwa na mfalme Mkristo, Jaume, mpaka 1238, kwahiyo mifereji, mchele, majina ya vitongoji, vingi vina mkono wa Waarabu na utavitambua ukivuta macho.

Ukiwa na hela kidogo ya ziada, ndani ya soko kuna Central Bar ya mpishi Ricard Camarena, unakaa kaunta na kula vitu vya soko hilohilo. Foleni yake hii inaonekana kwa macho. Ukikuta ndefu usisubiri, nenda mtaani, maana saa nne kuna kitu kinaitwa esmorzaret, ni chai ya pili ya Wavalencia baada ya ile ya nyumbani, na wenyewe wanaichukulia kwa uzito hasa. Mkate mrefu umejazwa, mayai na viazi, au jodari, au ngisi, wengine nyama ya farasi (ndio, farasi), pembeni sahani ya karanga za maganda na zeituni, kinywaji, na mwisho kahawa. Kahawa ya mwisho wakikuletea cremaet ujue ina ramu iliyochomwa, asiyekunywa aseme "cortado" tu. Chagua baa yenye mafundi ujenzi na wazee, ikiwa na picha za chakula mlangoni pita hivi.

Ukitoka sokoni, usivuke haraka. Mbele yake ndo kuna Lonja de la Seda, nyumba ya wafanyabiashara wa hariri, ilianza kujengwa 1482 ikamalizika 1533, na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 1996. Ndani nguzo zimesokotwa kama kamba ya mkonge mpaka darini. Na juu ukutani kuna maandishi ya Kilatini ya rangi ya dhahabu yanazunguka ukumbi mzima, yanamwambia mfanyabiashara asidanganye kwa maneno, asivunje ahadi kwa jirani na asikopeshe kwa riba, ndo atapata mali na uzima wa milele. Jamani, riba! Nilikaa pale chini nawafikiria wakopeshaji wetu wa mtaani.

Ikiwa ni Alhamisi, kuwa uwanja wa Plaza de la Virgen kabla ya saa sita kamili mchana. Mlango wa Mitume wa kanisa kuu wanakaa wazee wamevaa joho jeusi, ni Mahakama ya Maji, wakulima waliochaguliwa na wenzao kuamua kesi za mifereji, kwa mdomo tu bila karatasi, mfumo wa karne nyingi. UNESCO imeutambua mwaka 2009. Mara nyingi hakuna kesi na yote yanaisha dakika chache, usichelewe hata kidogo.

Saa nane mchana, wali

Hapa ndo nataka mnisikilize. Paella ni chakula cha mchana. Mwenyeji hali paella usiku, anasema inamlalia tumboni. Ya Valencia yenyewe haina kamba wala kome, ile ya baharini ni nyingine. Ina kuku, sungura, maharage mabichi mapana, yale makubwa meupe niliyosema, nyanya, zafarani, mafuta ya zeituni, wengine konokono na kijiti cha rozmari. Mwaka 2016 mpishi wa Uingereza Jamie Oliver aliweka chorizo kwenye paella yake akaonyesha dunia, Wahispania walimrukia mpaka ikawa habari ya magazeti. Kwahiyo usiende kumwambia mpishi wa kule kuwa wewe kwenu unatia na sosi.

Namna ya kuipata nzuri: weka oda, simu au pita asubuhi, sehemu nyingi hawapiki chini ya watu wawili, na kama wakikuletea dakika tano baada ya kuagiza basi ilikuwa imelala mahali. Wali mbichi unachukua kama dakika ishirini kwenye moto, hapo bado nyama. Ukiona ubao mkubwa una picha za paella kumi na mbili zenye namba, ondoka, hizo zinatoka kiwandani. Inaletwa na kikaango chake, na jina la chakula ni jina la hicho kikaango. Wali unatakiwa uwe mwembamba, unene wa kidole tu, umekauka, punje zimeachana.

Na chini kuna ukoko! Wao wanauita socarrat na wanagombania kama watoto wa kwetu, tofauti ni kwamba kwao mpishi anaufanya makusudi, mwishoni anaongeza moto dakika moja mbili mpaka ulie. Kwangu mimi hiyo ndo paella, juu yake ni mapambo. Kula kutoka kwenye kikaango kwa kijiko cha mti, kila mtu upande wake, ukivuka mpaka kwenda kwa jirani ni utovu wa adabu, hapo hamna tofauti na sinia la pilau.

Kwa wasiokula nyama isiyochinjwa halali, usikae na njaa. Omba arroz a banda, wali uliopikwa kwa supu ya samaki. Au arroz negro, mweusi kwa wino wa ngisi, utatoka na meno meusi ila ni mtamu hatari. Au fideuà, hizo ni tambi, lakini sio tambi zetu za sukari na hiliki za Ramadhani, ni tambi za chumvi na vitu vya baharini kwenye kikaango kilekile. Hela ikibana tafuta "menú del día", chakula kizima na kinywaji, mara nyingi euro 12 mpaka 18, siku za kazi mchana tu.

Ukimaliza ni saa kumi na maduka mengi madogo yamefungwa. Nenda kalale, usione haya.

Maziwa ya ndago

Saa kumi na moja toka ukanywe horchata, wenyewe wanaandika orxata. Hii nikiwaeleza wakulima wa kwetu wanacheka. Ile ndago inayotutesa shambani, unailima inarudi, unailima inarudi, wenzetu wana ndugu yake inaitwa chufa, wanaipanda mwezi wa nne na wa tano, wanavuna mwisho wa mwaka, wanakausha vile viazi vyake vidogo, wanaloweka, wanasaga, wanakamua na kuchuja, wanatia sukari na barafu. Inatoka nyeupe kama maziwa na haina maziwa ndani. Ina jina la asili linalolindwa kisheria na wana maduka yanayouza hiyo tu, na mkate mrefu laini wa sukari unaitwa fartón wa kuchovya. Chovya, usione aibu, umetengenezwa kwa kazi hiyo.

Mjini kuna Horchatería Santa Catalina yenye vigae vizuri, lakini kama una jioni nzima chukua metro namba 3 mpaka Alboraia, ni karibu tu, ndo kwenyewe inapolimwa. Ukinywa pale unaweza kurudi kwa miguu au baiskeli kwa Via Xurra, njia ya reli ya zamani iliyogeuzwa kuwa ya wapita kwa miguu, inakatiza katikati ya mashamba ya chufa na mifereji. Ile ya kwenye maboksi ya supamaketi usihukumu nayo. Horchata mbichi haikai, inakunywewa siku hiyohiyo.

Jioni, ukutani

Michoro iko mji mzima lakini moyo wake ni Barrio del Carmen. Ingilia Torres de Quart, lango la mji la karne ya 15, bado lina mashimo ya mizinga ya jeshi la Napoleon ya 1808, na mimi naliona kama mchoro wa kwanza wa ukutani wa safari. Fuata Calle Quart mpaka Plaza del Tossal, kisha ingia Calle Alta au Calle Baja, moja kwenda nyingine kurudi, na kila kichochoro kinachokuita kikubalie. Kuna Calle Moret yenye ukuta mrefu wa rangi. Kuna Calle Museo, angalia chini sio juu, utakuta kijumba kidogo cha paka kimejengwa kwenye ukuta na mlango wao. Jirani hapo Centre del Carme, zamani ilikuwa nyumba ya watawa, sasa ni ya maonyesho na kuingia ni bure. Maliza Torres de Serranos, lango la 1392 hadi 1398, panda juu uone mji.

Sasa jinsi ya kuangalia. Usipige picha kila ukuta, jifunze mikono. Baada ya siku moja utaanza kuwatambua wachoraji bila kusoma saini. Escif, mtoto wa Valencia, rangi zake zimefifia, picha inakaa kimya alafu dakika mbili baadae unagundua inakusema wewe. Julieta XLF anachora wasichana macho yamefumba na majani na rangi nyingi. Deih anachora watu wa anga za mbali, wa katuni. David de Limón ana kijitu cheusi kimefunika uso, utakiona pembeni pembeni kila kona mpaka kiwe rafiki yako. La Nena Wapa Wapa ana mabinti wenye macho makubwa. Na Hyuro, mama wa Kiajentina aliyeishi pale, alichora wanawake ambao mara nyingi huwaoni uso, amefariki 2020, ukikuta ukuta wake simama kidogo maana haongezi mwingine.

Kuta zinabadilika. Ramani ya mwaka jana inaweza kukupeleka kwenye ukuta mweupe uliopakwa chokaa jana, ndo mchezo wenyewe ulivyo, wala usinune. Na ile milango ya chuma ya kuviringisha niliyoitaja mwanzo, hiyo unaikamata maduka yakiwa yamefungwa: saa kumi alasiri wakati wa usingizi, usiku, na zaidi ya zote Jumapili asubuhi ambapo mtaa wote umefunga na umejichora. Ndo maana nasema Jumapili ambayo soko hakuna, usilalamike, ipe michoro. Kiangazi mwanga upo mpaka saa tatu na nusu usiku, una muda wa kutosha. Kipindi cha baridi giza linaingia saa kumi na mbili, anza mapema.

Simu shikilia vizuri, mkoba mbele, vibaka wa mji wa watalii ni walewale popote. Na nyumba za watu ni nyumba za watu, usigonge milango upate selfi.

Saa tatu usiku wenyeji ndo wanakaa kula, kidogo kidogo tu: esgarraet, pilipili hoho nyekundu za kuchoma zimechanwa na samaki wa chumvi, ngisi wa kukaanga kwenye bati, na ukienda kati ya mwezi wa tano na wa nane omba clóchinas, kome wadogo wa kule. Ukikaa saa moja na nusu jioni utakula na wageni wenzako.

Ukibakiwa na siku

Siku ya pili nenda Cabanyal. Ni mtaa wa wavuvi kando ya bahari, nyumba za ghorofa moja mbili, kila moja imebandikwa vigae vya rangi yake, na mtu wa pwani hatohitaji maelezo. Kwa miaka mingi manispaa ilitaka kukata barabara kubwa ya Blasco Ibáñez ipite katikati mpaka baharini, ivunje mamia ya nyumba, wakazi wakaungana mwaka 1998 wakapinga mpaka mpango ukafa. Utaona alama za mvutano huo ukutani bado, nyumba imependeza, jirani yake gofu. Kula titaina, nyanya, pilipili na tumbo la jodari la chumvi, ni chakula cha mtaa huohuo. Pwani ya Malvarrosa iko hapo, pana, mchanga mzuri, maji baridi kwa mtu wa Raskazone, nimemaliza.

Kwenda huko kutoka mji mkongwe unaweza kupita njia ya mto usio na maji. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia ulifurika ukaua watu, wakauhamisha kusini mwa mji, serikali ikataka kuweka barabara kuu kwenye mkondo wa zamani, watu wakagoma wakataka bustani, na bustani ipo leo, karibu kilomita tisa chini ya madaraja. Ukienda mpaka mwisho unafika yale majengo meupe ya kisasa ya msanifu Calatrava. Picha piga, ndani bei kali. Halafu mkisikia watu wanataja "dana", ni mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024, yaliyoua watu wengi miji ya kusini kama Paiporta, msilete utani.

Mwezi wa tatu kuna Fallas, tarehe 15 mpaka 19, masanamu makubwa barabarani yanachomwa moto usiku wa mwisho, na fataki za kelele saa nane mchana kuanzia tarehe mosi. Tamu sana, ila vyumba vinapanda bei na kutembea kwa utulivu sahau. Mwezi wa nane joto na maduka mengi wenyewe wako likizo. Mimi ningechagua wa tano au wa kumi.

Mwisho wa safari, kikaango. Watu wengi wananunua kikubwa kwa tamaa. Nunua cha watu wanne, kinaingia kwenye begi, na ule mchele wao unaoitwa bomba kilo moja na zafarani yako ya sokoni. Ukirudi Tanga usikibandike kwenye jiko la mkaa, moto wake mdogo unaunguza katikati na pembeni wali unabaki mbichi. Weka mafiga matatu uani, kuni, moto utanuke mpaka pembeni. Samaki nenda Deep Sea. Ukishamwaga mchele na supu, utandaze mara moja tu na uuache, na kama kuna shangazi anakuja na mwiko kukoroga mzuie kwa heshima zote.